Huzuni Haikuwa Kwenye Orodha ya Vitu vya Shule

Boaz Machuki,
Kambi Namba Nne, Shamba la Mkonge,
Kupitia Posta ya Voi.
15 Juni 1995

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Wasichana,
Kupitia Posta ya Rangwe, Homa Bay.

Mama Mwalimu Mkuu,

KUH: KUIKATAA HUZUNI YA BINTI YANGU BITUTU, KIDATO CHA PILI

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku kwa mkonge, ambako mimi na jua tunaanza kazi pamoja lakini jua ndilo linalopumzika kwanza. Mimi ni mzima. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Hatujawahi kuonana mimi na wewe. Siku ile Bitutu alipoingia shuleni alikuja na mamake, Bathsheba, yule wa ndizi za kuiva katika soko la Uriri. Mimi niliwakilishwa na sanduku. Nililitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe kwa mabati ya huku, nikalipaka rangi ya kijani, nikalipakia kwenye basi. Niliambiwa lilifika bila kubonyea, kwa hivyo najihesabu kuwa nilifika.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, nilipata barua ya kurasa tatu kutoka kwa Mwalimu Jerusha, yule wa sayansi ya nyumbani ambaye mmempa pia wasichana wenye matatizo. Anasema kwamba tangu Februari Bitutu hayuko sawa. Analala na kuamka amechoka. Sahani anairudisha na chakula chake. Kwaya ameacha. Anafungua kitabu ukurasa mmoja, kengele inalia, ukurasa ni uleule. Anasema huu si uvivu, si utovu wa adabu, si pepo. Ni ugonjwa. Jina lake ameliandika kwa Kizungu, na chini yake akanitafsiria: ugonjwa wa huzuni. Ananiomba mambo mawili kabla mwezi huu wa sita haujaisha. La kwanza, nitie sahihi fomu ili Bitutu apelekwe hospitali ya Homa Bay kwa muuguzi anayeshughulikia mambo ya akili. La pili, nije mwenyewe, nikae naye.

Mama, nimesoma mpaka darasa la sita, na Kiswahili hiki nimekipata kwa watu wa huku. Lakini ninajua kusoma, na ninajua kukataa. Ninaikataa barua hiyo kwa sababu nitakazozitaja kwa namba, ili usije ukapotelewa na mojawapo.

1. Mlipompokea Bitutu mlituma orodha ya vitu. Ninayo hapa. Godoro moja, blanketi mbili, ndoo yenye kifuniko, jembe lenye mpini, fyekeo, sahani isiyovunjika, Biblia, taa ya dharura. Nimeisoma upya mbele na nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa huzuni. Mtoto nilimtuma akiwa na vitu vyote vilivyoandikwa, pamoja na kicheko ambacho hakikuandikwa, lakini nilifikiri hamtakirudisha. Alikuwa na kicheko cha kuwafanya kuku waondoke uani. Sasa mnaniambia ndoo ipo, jembe lipo, kicheko hakionekani. Huku kwetu kifaa kikipotea, anayejibu ni mwenye stoo. Naomba mtafute kwanza humo mabwenini kabla ya kuandikia wazazi.

2. Huzuni ni mali ya watu wazima, na hata kwao haitolewi ovyo. Mimi nimetumikia mkonge miaka tisa. Nina mgongo unaojua mvua itanyesha lini. Nina jicho la kushoto lililochomwa na mwiba wa jani, ambalo hulia peke yake bila kuniuliza. Nikisema nina huzuni, mtu ataangalia na kusema, ndiyo, huyu amefika. Bathsheba naye ana haki zake. Lakini Bitutu ana miaka kumi na sita. Hana shamba, hana mgongo, hana mume wa kutokuwepo. Katika nyumba yetu kuna foleni, na yeye ameipita. Nimeshangaa kwamba shule inayofundisha adabu imekubali.

3. Hamjasema kama mlimpima joto. Hapa kambini tuna zahanati, na ndani yake kuna Stanley. Tunamwita daktari, ingawa kazi aliyoajiriwa ni kufunga vidonda. Kanuni ya Stanley inajulikana na kila mtu. Ukienda kwake asubuhi anakutia kile kipimo kwapani. Zebaki ikipanda, unapewa karatasi ya kulala siku moja. Isipopanda, unarudi shambani, hata kama umekuja ukitambaa. Nilimpelekea barua ya Mwalimu Jerusha. Aliisoma mpaka mwisho, amesimama, kipimo mkononi. Kisha akaikunja vizuri akanirudishia.

"Mzee Machuki," akasema, "huzuni haina digrii. Na kitu kisicho na digrii mimi siwezi kukiandikia ruhusa."

Hiyo ndiyo sayansi, Mama. Ni kweli kwamba mwaka juzi Stanley alimwambia maneno hayohayo kijana mmoja wa Kambi Namba Mbili, Mkuria kutoka pande za mpakani, aliyekuwa ameacha kula na kuongea. Zebaki haikupanda, akarudishwa shambani. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya asubuhi wiki mbili baada ya kumzika, kwa sababu karani hakuwa na moyo wa kulikata. Likisomwa, sote tulikuwa tukiangalia chini. Lakini huyo alikuwa mtu mmoja, na kanuni haivunjwi kwa ajili ya mtu mmoja.

4. Ugonjwa huu hauna mkosaji. Hili ndilo limeniudhi kuliko yote.

Nilimwandikia Bathsheba nikimuuliza nani amemfanyia mtoto nini. Jibu lake linasema kwamba likizo ya Aprili kila mtu alikuja na jina lake la ugonjwa huo. Wazee wa kanisa walisema ni kwa sababu hasomi lesoni ya Sabato, wakamwombea, akasema amina, akarudi kulala. Jirani yetu, mama wa Kijaluo anayetupenda sana, alisema ni juogi, mizimu ya upande wa bibi, na kwamba anamjua mtu Sindo anayeongea nayo. Shemeji yangu alisema damu imepungua, apewe mboga za managu. Akapewa managu wiki nzima. Bathsheba mwenyewe alimchapa mara moja, kisha akalia yeye.

Watu hawa wote niliwaelewa. Kila mmoja alinipa kitu cha kupigana nacho. Mwalimu Jerusha peke yake ndiye anayeniandikia hivi: "Baba Bitutu, pengine hakuna aliyemkosea. Wakati mwingine huja tu, kama malaria isivyomchagua mtu mbaya. Usimuulize amefanya nini."

Sasa mimi nije na nini? Mniambie ni mvulana, nitaenda kwa babake. Mniambie ni mwalimu, nitaenda kwa afisa wa elimu. Mniambie ni mizimu, nitapanda gari la Sindo ingawa mimi ni Msabato. Panga ninalo, na kwa panga mimi si mtu wa kuchezewa, nakata majani elfu mbili kwa siku. Lakini kumwita mwanamume kutoka upande mwingine wa nchi aje mikono mitupu kwa kitu kisicho na kichwa cha kukata, hiyo ni dharau. Naomba mtafute mkosaji, hata mdogo.

5. Mwalimu Jerusha ameandika dalili saba za ugonjwa huo ili nizielewe. Naomba azifute. Zimeniletea matatizo chumbani.

Ninaishi chumba kimoja na Onyancha, mtu wa kwetu, aliyefika darasa la nane na hawezi kukusaidia kusoma bila kuongeza lake. Jicho langu lilikuwa limechoka nikampa anisomee.

"'Analala na kuamka amechoka,'" akasoma. Akaniangalia. Akaendelea. "'Ameacha mambo aliyokuwa akiyapenda.' Boaz, wewe kwaya ya kambi uliacha lini?"

Nikamwambia asome.

"'Hapendi kukaa na watu. Hulia bila sababu, ama halii kabisa hata jambo likiliza.' Si ni Pasaka ile tulipopata habari za kifo cha mamako?"

Nikamwambia asome bila kusimamasimama, kwani hapo hakuna vituo vingi hivyo.

"'Hukasirika kwa jambo dogo,'" akasoma. Kisha akarudi nyuma akaisoma mara ya pili, polepole. "Ndugu yangu, hii bahasha ilikuwa na jina la nani? Usije ukawa umefungua barua yako ukadhani ni ya mtoto."

Nilimrushia kandambili. Akaikwepa, akasema kwamba hiyo ni dalili ya tano na ameishuhudia kwa macho.

Sikatai, Mama. Kati ya dalili saba mimi ninazo sita, na ya saba ni ya masomo, haikunipata kwa sababu siko shuleni. Lakini mbona nakata majani yangu kila siku na kuyafunga thelathini thelathini? Kama huo ni ugonjwa, basi kambi hii yote ni wodi na nyapara ndiye sista. Mimi nimeamka nimechoka tangu 1991, na hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kurasa tatu. Kwa hivyo nimeamua kwamba si ugonjwa. Ndivyo watu walivyo. Bitutu ameanza mapema tu, na mtoto anayewahi haadhibiwi.

6. Mwalimu Jerusha anasema kwamba mwezi wa tano Bitutu aligawa vitu vyake. Sweta akampa mtoto wa kidato cha kwanza. Kile kikopo chake cha vifaa vya hesabu akampa anayekaa naye dawati moja. Sanduku akamwambia msichana wa kitanda cha juu alichukue. Walipomuuliza atatumia nini, akasema, "Sitavihitaji." Mwalimu anasema hilo ndilo lililomwogopesha zaidi, na kwamba tangu siku hiyo Bitutu analala nyumbani kwake, si bwenini, na hawamwachi peke yake.

Mimi ninaliona jambo hili kuwa ni ukarimu. Tumemlea kwa Biblia. Imeandikwa kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Ni kweli Bitutu alikuwa na sweta moja. Ni kweli asubuhi za Juni huko Rangwe mtu haachi sweta.

Lalamiko hili sijalimaliza. Nilikuwa nimeandika mistari mingine mitatu nikaikata, kama unavyoona. Endelea na la saba.

7. Mwalimu anaandika, kwa lugha ya adabu sana, kwamba pengine mtoto anahitaji kusikia sauti ya babake. Hapo ndipo niliposimama. Mimi, Mama, ni mtu wa salamu. Uliza idhaa ya taifa.

Januari 1992 nilinunua kadi za salamu arobaini na nane pale Voi, za miaka minne mizima. Niliketi Jumapili moja kutoka chai ya asubuhi mpaka jioni nikaziandika zote, kwa sababu najijua. Kazi hii inasahaulisha. Mtu anaweza kuamka akakuta mwezi umekwisha na hajamkumbuka mtu yeyote. Mimi nilikataa kuwa mtu wa namna hiyo. Nikaandika kila moja, kwa kalamu ya bluu: "Mimi Boaz Machuki wa Kambi Namba Nne namsalimu binti yangu Bitutu aliye darasa la saba huko Uriri. Ujumbe, soma kwa bidii, baba anakukumbuka." Nikazifunga kwa kamba ya mkonge, na kila mwisho wa mwezi nachomoa moja naiweka posta. Karibu nusu zimesomwa. Zikisomwa, watu wa kambi wanapiga mabati. Watoto wa hapa hawalijui jina langu, wananiita Baba Bitutu. Baba gani mwingine hapo shuleni mwako ametajwa redioni zaidi ya mara ishirini?

Mwalimu Jerusha anaandika kwamba shuleni redio iko kwa karani, na saa za salamu ni saa za masomo. Hilo tungelisamehe. Lakini anasema pia kwamba Aprili, Bitutu alikuwa amepeleka mahindi kinuni pale Uriri, na mwenye kinu alikuwa amezima mashine ili aweke mafuta. Redio ikasikika. Mtangazaji akaisoma kadi yangu yote, bila kuruka hata neno. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakamshangilia mtoto. "Bitutu, si huyo ni babako? Babako anakusalimia."

Naye akawaambia, "Huyo si mimi. Huyo ni mtoto fulani wa darasa la saba. Mtafuteni mumfikishie."

Watu wakacheka sana, kwa sababu kweli ni maneno ya kuchekesha. Nilipoyasikia nami nilitaka kucheka. Yeye hakucheka. Alibeba unga akaufikisha nyumbani, akalala siku mbili.

Ninataka kumlalamikia mtu kuhusu jambo hili na sijampata. Mtangazaji alisoma kilichoandikwa. Posta ilipeleka ilichopewa. Mwenye kinu alikuwa na haki ya kuweka mafuta. Usidhani sikujua kwamba amepanda darasa. Nilijua. Matokeo yake ya darasa la nane nilisomewa na Onyancha, tukala nyama. Nilijua ameingia kwenu, si nilitengeneza sanduku? Lakini kadi zilikuwa zimeandikwa tayari. Mtu anatupaje kadi nzuri? Zimebaki saba. Nimezifungua kuziangalia. Zote ni za darasa la saba.

8. Mwisho, nalalamikia neno "kukaa." Mwalimu anaandika kwamba si lazima nije na maneno. Nije tu nikae karibu naye, hata akinyamaza, ninyamaze naye, nisimharakishe. Nimelisoma mara nyingi. Kutoka hapa mpaka Rangwe ni siku mbili, Voi, Nairobi, Kisii, kisha mpaka kwenu. Siku mbili za barabara ili mtu akafike akakae. Mimi mtoto huyo sijawahi kukaa naye. Nimewahi kufanya kazi naye. Desemba 1993, mara ya mwisho tulipoonana, nilikuja wiki mbili, tukaezeka jiko la mamake. Nilikuwa juu, yeye chini. Nilimwambia leta misumari, akaleta. Nilimwambia shika ngazi, akashika. Tulielewana vizuri kabisa. Kama mna paa linalovuja hapo shuleni, niambieni, hilo nalijua.

Hata hivyo, kwa heshima yako, nilimwendea nyapara wetu, Mwakio, kuomba ruhusa. Mwakio si mtu mbaya. Aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kwenda kukaa na mtoto.

"Kukaa?" akasema. "Kukaa namna gani? Kaa hapa."

Nikamwonyesha barua. Akaniambia kwamba katika kitabu chake kuna ruhusa ya aina tatu, ya mwaka, ambayo yangu ni Desemba, ya ugonjwa, ambayo anayetoa ni Stanley, na ya msiba, siku saba, pamoja na trekta ya kukufikisha steji. Akafikiri, maana alitaka kunisaidia. "Mzee Machuki, ungekuwa umepata simu ya kifo, hata leo ungeondoka. Hapa umeniletea mtu anayepumua."

Basi utaratibu wa kampuni uko wazi, na mimi ni mfanyakazi mtiifu. Baba anaruhusiwa kufika, mradi awe amechelewa.

Kwa sababu hizi zote nane, naomba shule itimize yafuatayo:

(a) Huzuni ya Bitutu isimamishwe mpaka Desemba, wakati wa likizo yangu, ambapo nitaishughulikia mwenyewe kwa muda wa wiki mbili, isipokuwa siku za kuezeka.

(b) Hilo likishindikana, huzuni hiyo ihamishiwe kwangu kwa maandishi, kama mfanyakazi anavyohamishwa kambi. Huku ipo ya kwangu na nafasi imebaki. Nimeshazoea kuilisha, ya pili haitanisumbua. Mtoto abaki na kazi zake za shule. Kama kuna fomu ya jambo hilo, tumeni hiyo badala ya ile ya hospitali.

(c) Kama hilo nalo haliwezekani, basi mpeni mtoto karatasi yenye muhuri wa shule inayosema ni mzima. Nimeona karatasi zenye muhuri zikifanya makubwa. Mimi mwenyewe nimekuwa mzima kwa muhuri wa Stanley mara nyingi.

Fomu yenu ya hospitali ninairudisha bila sahihi. Kuja sitakuja. Msimamo wangu ni huo, na sioni kitu kinachoweza kuubadilisha.

Nisalimie Mwalimu Jerusha na watu wa nyumba yake, ambao wamemlaza mtoto wangu bila kuniuliza, na sijui kama hilo ni lalamiko. Nisalimie mpishi anayepokea sahani zisizoliwa. Nisalimie karani na redio yake. Nisalimie msichana wa dawati moja aliye na vifaa vya hesabu, na yule wa kitanda cha juu aliye na sanduku, kufuli yake hukwama, aipige kidogo upande wa kulia. Nisalimie mtoto wa kidato cha kwanza aliyevaa sweta, asiizoee. Walimu wote, wasichana wote, mlinzi wa lango. Na Bitutu, kidato cha pili.

Ni mimi mzazi mwenye malalamiko,
Boaz Machuki.

Tanbihi. Jumanne, tarehe 20 Juni.

Mama Mwalimu Mkuu, barua hii haikupita posta. Karani wako ndiye atakayekuletea mkononi, nami niko nje, kwenye benchi lililo mkabala na mlango wako. Mwakio aliniambia kwamba nikivuka lango bila karatasi, jina langu litakatwa kwenye orodha ya asubuhi. Nilivuka Jumapili. Onyancha alinisindikiza mpaka barabarani akinitukana, kisha akanivisha koti lake.

Niko hapa tangu kengele ya saa nne. Ningekuwa nimeshabisha hodi, ila kuna jambo limetokea. Wasichana walipita hapa wakienda kula, na mmoja nyuma yao, mrefu, akitembea karibu na ukuta. Alipofika mbele yangu alisema, "Habari yako, mzee," kwa adabu, bila kuinua macho, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mtu asiyemjua. Nikasema, "Nzuri." Akapita. Alipokuwa amefika pembeni ya jengo ndipo nilipouona mwendo wa Bathsheba.

Malalamiko yote nayafuta, kuanzia la kwanza mpaka la nane, na maombi yote matatu. Fomu ya hospitali iko ndani ya bahasha, nimeitia sahihi hapa benchini kwa mkono wangu mwenyewe. Twende naye Homa Bay kesho kama gari lipo. Na kama yule muuguzi hana watu wengi, muulize kama anaruhusu wawili waingie pamoja, mmoja akiwa mtu mzima.

Ukimwita, tafadhali usimwambie ni nani. Mwambie tu kwamba kuna mzee kwenye benchi anayeomba kukaa naye, na kwamba hana haraka ya kurudi popote.